Nilizililia Mwenyewe Hisa za Wifi

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo nampelekea wakili maelezo yangu na moyo haujatulia. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na wifi yangu, dada wa mume wangu, anapika chai kwenye ofisi za kampuni ya rangi. Kampuni hiyo ilipouza hisa miaka mitano iliyopita tulinunua sote wawili, yeye akanunua mara mbili yangu, na kila gawio lilipotoka alikuja na bahasha yake kuniuliza, "Wifi, yako imekuja?" kana kwamba hajui yangu ni nyembamba.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, tukiwa mezani kwangu, akasema ikifika katikati ya mwaka atauza hisa zake zote anunue oveni kubwa aoke mikate, nikacheka mpaka nikapaliwa, nikamwambia, "Wifi, unachinja kuku anayetaga?" naye akajibu, "Yai lenyewe naliona mara moja kwa mwaka. Mkate nitauza kila asubuhi." Basi mshauri, mwezi wa sita ulipofika sikustahimili kuona hisa zile zinakwenda kwa mgeni na mimi nimezitamani miaka mitano, nikauza cherehani yangu ya pili, ile ya kudarizi, nikazinunua mimi, mume wangu akinisihi niache, na siku hiyo nikampita wifi mlangoni nimeinua shingo kama twiga.

Wiki iliyofuata kampuni ikaingiza wakaguzi wapya wa hesabu, na mwezi haujaisha wakagundua kuwa madebe ya rangi ya ghala moja yamehesabiwa mara mbili kwa miaka mitatu, yaani faida tuliyokuwa tunatangaziwa haikuwapo. Bei ya hisa ikaporomoka, wanahisa tukajazana ukumbini, mzee mmoja mstaafu akamrushia mwenyekiti kofia yake, na sasa kuna wakili anakusanya wanaotaka kushtaki. Fomu yake inauliza kama namjua mtu aliyeuza akiwa na habari mapema. Nimeshaandika jina la wifi kwa penseli. Mtu anayepeleka chai chumba cha wakubwa atakosaje kusikia? Na kila asubuhi anawaletea wanangu mkate wa moto, mimi nauona dhihaka, nawatupia kuku. Mume wangu ameapa kwamba nikipeleka jina la dada yake nisimwite tena mume. Je, nipitishe wino?

Fundi Mwenye Uchungu

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole. Kupoteza cherehani ya kudarizi ni kama kukatwa mkono, na sitakucheka. Mimi mwenyewe nina mawifi watatu. Lakini pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako imekushtaki wewe kabla hujamshtaki mtu.

Wifi yako alitangaza kuuza mwezi wa kwanza, mbele yako, akataja na oveni. Mwenye siri huuza kimyakimya, hamwambii wifi yake miezi mitano kabla! Wakaguzi wameingia mmeshauziana. Au unadhani madebe ya ghalani yanahesabiwa ndani ya birika? Wala hakukubembeleza ununue. Wewe ndiye uliyemfuata. Ulichotaka hasa ni nafasi yake, dada yangu, na hiyo haiuzwi na wakala yeyote.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Watu waliotia saini hesabu zile miaka mitatu mfululizo wana vyeo na viti vya kuzunguka, na kwenye fomu yako hayumo hata mmoja wao. Yumo mpika chai! Hivyo ndivyo wakubwa wanavyopona siku zote: waliodhulumiwa wanakabana koo wao kwa wao, wenye makosa wanapita pembeni, suti haijakunjamana. Hasira yako ina haki, ila imegonga mlango wa jirani.

Tafuta kifutio sasa hivi, usingoje Jumamosi. Maelezo ya uongo yataizamisha kesi yako na ya yule mstaafu wa kofia, na utakayeitwa kujieleza ni wewe. Andika kwa wino unachokijua tu: tarehe ulizonunua, bei uliyolipa, faida uliyotangaziwa ukaiamini. Mkutano ukiitwa tena, simama uulize nani alisaini, na usikae mpaka ujibiwe.

Kisha nenda kwa wifi. Mwambie habari ya penseli kabla kaka yake hajamwambia. Atafoka, na ni haki yake, vumilia. Akimaliza, mwombe zile bahasha za miaka mitano pamoja na taarifa zilizomo. Zimekuchoma moyo muda wote huo, kumbe ndizo ushahidi wenu.

Na mkate ukiletwa kesho, kuku wape pumba. Kaa na wanao, muule ungali moto. Katika hisa zote zile, gawio la kweli ni hilo.