Mke Wangu Anajifunza Mistari Bafuni

Jumanne, 4 Machi 2025

Aikaeli kajifungia bafuni tena. Eti anajifunza mistari ya filamu. Bafuni! Miaka yote tunasomea mezani jikoni — yeye sehemu yake, mimi waliobaki wote. Nimeshakuwa jaji, muuaji, daktari wa kizungu. Leo kaniambia nipumzike, nimechoka na shifti. Tangu lini mke wangu akajali shifti yangu?

Kuna mtu. Kama si mtu, kuna jambo.

Jumatano, 5 Machi

Tumetoka kanisani kupakwa majivu ya Kwaresima, tukapitia sokoni Walthamstow, hapa hapa London. Mama mmoja akamshika mkono: wewe nakujua wapi? Ndiyo kazi yake hiyo. Sura inajulikana, jina hakuna alijuaye. Filamu za Hollywood zaidi ya sitini — nesi, shahidi, mama wa marehemu. Ujane ndio usiseme! Kwenye skrini ameshazika waume saba. Mimi wa nane, bado napumua.

Zamani angecheka na kumtajia filamu. Leo kamwambia amemfananisha, akaongeza mwendo. Anamkimbia nani?

Ijumaa, 7 Machi

Nimesikiliza mlangoni. Mtu mzima mimi, sikio mlangoni kama mbea! Maji yanamwagika, yeye ananong'ona. Nimeambulia maneno mawili: naomba usinichukie. Halafu yale yale tena, polepole zaidi.

Kwa Kiswahili! Huko Hollywood nani anamwandikia Kiswahili?

Nikamuuliza binti yetu, mama yako anaongea na nani? Natasha Kiswahili anaelewa chote, ila majibu yake ni Kiingereza tu. Kasema nimuulize mwenyewe. Hakuniangalia usoni. Naye anajua! Kikulacho ki nguoni mwako. Humu ndani mjinga ni mimi peke yangu.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa nikamkabili. Nani huyo? Akacheka kile kicheko chake cha kamera, nakijua, kinaanzia puani. Hakuna mtu, Thadei, ni kazi. Tamthilia, Los Angeles, miaka mitano. Na safari hii si mama wa marehemu — mhusika mkuu!

Nilimbeba juujuu! Mke wangu, baada ya kulia misiba ya watu miaka yote hiyo! Nikaona haya kwa mawazo yangu machafu. Nikauliza, tunahama lini? Akatoa kurasa, akasema tusome kwanza.

Tukakaa jikoni kama zamani. Mimi mume, yeye mke anayeaga. Kiingereza mwanzo mwisho. Kurasa zikaisha, nikazikunja. Yeye akaendelea, kwa Kiswahili. Machozi yake ya kazini nayajua, yanashuka taratibu, pua kavu. Haya yalikuja na kamasi.

— Thadei, naomba usinichukie.

Nikamwambia ngoja kidogo, tumbo, kabla hajaniaga mimi.

Niko bafuni. Nimefungulia maji. Anagonga.