Haiwezi Kujulikana

Jumatatu, 2 Machi

Darasa la jioni tena. Nimekosa karibu yote. Kelvin, kijana anayetufundisha maswali ya mantiki hapa Lurambi, amenibatiza jina: Madam C. Kila swali lina majibu matatu. A, hitimisho ni kweli. B, si kweli. C, haiwezi kujulikana. Mimi hujibu C. "Walimu wote ni wapole. Amina ni mwalimu. Je, Amina ni mpole?" Mtoto wa darasa la tatu angelipata. Mimi mkono ukaenda C. Huyo Amina namjulia wapi? Pengine ana siku zake.

Darasa likacheka. Nikacheka pia. Mtihani wa ukarani ni wiki ijayo na naona nimeshaanguka.

Nimefika nyumbani, simu ya shemeji Okumu ikaingia. Ni kaka mkubwa wa Makokha, mume wangu. Habari ni ile ile. Familia kule Musanda inataka kuzika mgomba kabla ya mvua ya kupanda. Makokha alitoka na trekta ya miwa mwezi wa tano mwaka jana, mto Nzoia ukiwa umefurika. Trekta ilipatikana imelala ubavu chini ya daraja. Yeye hakupatikana. Kwetu mtu asipopatikana hukatwa mgomba, ukavishwa nguo zake, ukazikwa kwa jina lake. Watu wakalia, matanga yakaisha. Lakini hawachimbi mpaka mke aseme ndiyo.

Mke ni mimi. Sijasema.

Jumatano, 4 Machi

Kazini nimetoa kopi za mteja zote kichwa chini. Bosi akazirudia mwenyewe. Afadhali angenigombeza.

Nimemkasirikia Okumu. Ana haraka ya nini? Anasema tukishazika, hata Makokha akirudi hatapita langoni mpaka kondoo achinjwe na atakaswe, maana atakuwa mfu aliyerudi. Aliyasema hayo kama mtu anayenitajia bei ya mbolea. Nilitaka kumtukana. Ni shemeji mkubwa, nikameza.

Nikiosha vyombo nimejitungia swali. Wote waliosombwa na mto siku ile walipatikana. Makokha hakupatikana. Kwa hiyo Makokha hakusombwa. Nimeligeuza kila upande, halina ufa. Hilo ni A. Nikaanza kuimba, hadi binti yetu Linet akaja kuuliza kuna nini. Ana miaka saba, anauliza kila kitu. Nikamwambia hakuna.

Ijumaa, 6 Machi

Mama mmoja wa Mautuma alikuja dukani kutoa kopi ya kitambulisho. Akaiona picha ya Makokha niliyobandika ukutani. Akasema huyu namjua, anabebanga magunia ya mahindi kwa soko yetu. Ako na bibi huko, mnene hivi.

Nilikaa chini. Kesho naenda.

Jumamosi, 7 Machi

Mautuma.

Njia nzima niliomba. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Niliomba nimkute na huyo mwanamke. Niliomba hata wawe na mtoto. Nilikuwa tayari kumsalimia kwa mikono miwili na kumwita dada.

Mbeba magunia alikuwepo. Kimo kile, mabega yale, hata kofia kaigeuza nyuma mbele. Anaitwa Barasa. Aliponiona nimesimama namkodolea macho, akaniletea kiti na soda. Mkewe kweli ni mnene. Alinipakulia obusuma, ugali wetu, na mboga, akaketi karibu nami, hakuuliza swali hata moja. Nilikula kwa adabu tu. Walinisindikiza wote wawili hadi barabarani.

Nawachukia. Hawajanikosea lolote na nawachukia.

Jumapili, 8 Machi

Sikwenda kanisani. Linet alikwenda na jirani.

Hakuna la kuandika.

Jumatatu, 9 Machi

Kelvin alitaka kila mtu atunge mfano wake asimame auseme. Wengi walileta mbuzi na wanasiasa. Zamu yangu ilipofika nikasema ule wangu, ila badala ya Makokha nikaweka "fulani". Wote waliosombwa walipatikana. Fulani hakupatikana. Fulani hakusombwa.

Kelvin akapiga makofi. Madam C leo ameamka, akasema. Umbo safi kabisa. Kisha akaenda ubaoni akapiga mstari chini ya neno "wote". Akasema umbo zuri haliifanyi kauli ya uongo iwe kweli. Ni kama kujenga nyumba nzuri kwa kiwanja cha mtu. Hao wote, nani alikuambia ni wote?

Nikasema nawajua wawili. Ni kweli, ni wawili tu waliopatikana, mwendesha boda na nyanya mmoja aliyekuwa akivuka na kuni. Darasa likacheka tena. Wawili ndio wote, mtu akarudia nyuma yangu. Kelvin hajui chochote kuhusu mume wangu. Hakuna anayejua pale. Si makosa yao.

Nilienda msalani nikasimama humo nimeshika mlango. Nani aliniambia ni wote? Hakuna. Nilijiambia mwenyewe.

Jumanne, 10 Machi

Niliomba ruhusa kazini nikaenda Musanda kuwaambia hapana. Ana kwa ana, nimalizane na simu za Okumu. Maneno nilikuwa nimeyapanga.

Mama mkwe amekwisha. Nguo zinamvaa yeye. Hajalia tangu mwezi wa tano, kwa sababu kwao kumlilia mtu kabla ya matanga ni kumwitia mauti. Amebana machozi kama mtu aliyebana mkojo, kutwa anahama kiti hadi kiti. Lakini alikuwa ameagiza nichinjiwe ingokho, kuku wa heshima. Nilipewa sahani, yeye akaninawisha mikono. Mavyaa hamnawishi mkaza mwana. Niliona aibu, nikataka kuikataa ile birika, akanishika kifundo cha mkono.

Kisha akasema. Nayaandika alivyoyasema, nisije nikayapamba baadaye. "Everlyne, mwanangu alikuwa ananipigianga kila Jumapili nikitoka kanisa. Hata simu yake ikiibiwa, anaomba ya mtu. Akiwa hai angenipigia. Wewe unasema ako hai. Sawa. Sasa niambie, nilimkosea nini?"

Nilikuwa na maneno yangu yote niliyoyapanga, nikatazama kuku kwenye sahani.

Nikaanza kupima, ndivyo nilivyoharibika. Makokha akiwa hai, humpigia mamake. Hajapiga. Kwa hiyo hayuko hai. Umbo safi. Nikatafuta kauli ya uongo, kama Kelvin alivyotufundisha. Nimpinge wapi huyu mama? Niseme Makokha hakuwa mtu wa kupiga simu? Nimeolewa naye. Alikuwa anatoka nje ya ibada kabla ya sadaka ili asimkose mamake.

Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nikifanya. Ili Makokha awe hai, lazima awe mtu aliyekaa miezi yote hii mahali, anakula, analala, anajua mamake anakauka na Linet anauliza, na amenyamaza. Huyo ndiye niliyekuwa nikimtafuta Mautuma. Ndiye niliyemwombea kwa Mungu. Mume wangu nimemfanya mtu mbaya ili aishi.

Sikusema hapana. Sikusema ndiyo. Nilimshukuru kwa chakula nikaondoka.

Jumatano, 11 Machi

Nimempigia Okumu. Nimesema ndiyo.

Nikadhani laini imekatika. Kumbe mtu analia. Mtu mzima, mzee wa boma. Akasema asante shemeji, akakata. Nilikuwa nimemhesabu kuwa hana moyo.

Bado hoja ina ufa. Najua. Mtu anaweza kugonga kichwa akasahau jina lake. Anaweza kuwa amelazwa mahali hajulikani ni nani. Nimefikiria yote hayo tangu mwaka jana na leo nimeyafikiria tena, moja baada ya jingine. Nimesema ndiyo hata hivyo na ninajisikia kama mtu aliyesukuma mwenzake majini.

Alhamisi, 12 Machi

Mtihani. Ukumbi umejaa, watu wengi wadogo kwangu. Nilijibu haraka. C nimeweka chache sana. Sikuwa na hofu wala furaha.

Kelvin alinisubiri nje akauliza vipi, Madam C. Nikamwambia mume wangu anazikwa Jumamosi. Maskini, alitafuta pa kuweka mikono yake. Akasema pole mara nyingi.

Jumamosi, 14 Machi

Musanda wameuchagua mgomba mrefu, kimo chake. Okumu aliukata mwenyewe, akauosha kwa maji ya vuguvugu kama mwili. Mimi nilileta nguo. Suruali ya kijivu, shati la bluu la kanisani. Kuvisha mgomba shati ni kazi. Hauna mikono. Wanawake walinisaidia na hakuna aliyetazamana na mwenzake. Vifungo vilikataa katikati, nikavilazimisha.

Watu walikuja wengi. Mchungaji alisema "mwili wa ndugu yetu" na hakuna aliyeguna. Nilidhani nitaona ni mchezo. Sikuona mchezo.

Linet aliuliza kama utachipuka. Nikamwambia hapana, umekatwa bila tunguu lenye mizizi. Akasema sawa. Afadhali angeuliza babake yuko wapi. Hilo nimelizoea.

Nilitia udongo wa kwanza. Mama mkwe akatoa sauti. Sijawahi kusikia sauti kama ile, na aliitoa muda mrefu, akamwita jina lake la utotoni, akamwita "mume wangu" kama anavyobembelezwa mtoto wa kiume, akamwita "baba". Wanawake walimshika asianguke. Mimi hakuna aliyenishika, kwa sababu nilikuwa nimesimama wima kabisa, nadhani walifikiri nina nguvu. Nilikuwa nafikiria lile shati. Kwamba nimelizika shati zuri. Ndipo nikaanguka.

Nimelia hadi nikatapika. Sikulia kwa kuwa nimeamini. Nililia tu.

Jumapili, 15 Machi

Wageni. Chai. Sufuria za kuazima. Kila mtu ananiita mjane, kwa heshima, na kila mara nageuka kuona ni nani anaitwa.

Jumanne, 17 Machi

Tumenyolewa leo kumaliza matanga, mimi na Mama na Linet. Wembe ulikuwa mzuri. Linet anajishikashika kichwa na kucheka.

Mvua imeanza. Okumu na wanawe wako shambani tangu asubuhi.

Mama alilala mchana kutwa. Alipoamka akaomba uji, akaumaliza, akaomba mwingine. Kisha akaanza kutusimulia Makokha alivyokuwa mdogo, akitumwa sukari dukani anarudi na mfuko umelambwa, midomo myeupe, anaapa kwa Mungu ni panya. Alikuwa anacheka mwenyewe akisimulia. Linet akataka arudie, akarudia. Mimi hadithi hiyo sikuwahi kuisikia. Tangu mwaka jana hakuna aliyeweza kumtaja humu ndani.

Nimeketi mlangoni. Kutoka hapa kaburi linaonekana, udongo umeanza kushuka kwa mvua. Tumemzika mtu mwema, aliyempenda mamake. Huyo mwingine, kama yuko mahali, simjui.