Kisu Nilichokinoa kwa Mikono Yangu

Shoga, usicheke. Nimesema usicheke!

Ile mashine ya kufunga marobota ya nyasi niliyokuringishia jana, leo imekataa kukata wavu wa kufungia. Robota limetoka limefungwa vizuri, ila wavu bado umeng'ang'ania mashine. Bosi hajaona, kaondoa trekta linaloivuta mashine. Robota likamfuata mpaka getini kama mbuzi anayepelekwa sokoni!

Bosi: "Fundi, kisu ulikinoa?"
Mimi: "Kwa mikono yangu. Kinakata hata unywele."
Nimeyasema hayo mbele ya mama mkwe wake, aliyeketi kitini pale shambani akitutazama. Mama mkwe, shoga!

Nikajilaza chini ya mashine, nikakaza springi, nikapaka grisi, nikasema wavu ni feki. Robota la pili, yale yale. Bosi alipokata kona, wavu ukamzunguka mama mkwe pamoja na kiti chake.

"Leta chochote chenye makali!" bosi akanifokea.

Nikakimbilia karakana, nikakwapua kisu kirefu mezani, nikampa. Wavu ukakatika mara moja.

Bosi akakitazama. Na mimi nikakitazama.

Kina matundu ya bolti. Ndicho chenyewe. Nilikinoa, sikukirudisha kwenye mashine!

Mama mkwe akajikung'uta: "Fundi hakudanganya. Kinakata."