Firimbi ya Ploti ya Tatu

Jumatatu, 8 Machi 1999
Cherehani inakata uzi tena. Sare nne za shule bado. Saa kumi na mbili asubuhi ploti ya jirani wamepuliza firimbi, nikajibu. Mpulizo mmoja ni amani, mitatu ni mwizi. Tangu ploti zetu mbili ziungane hatujaibiwa hata kamba ya nguo. Katibu wa muungano ni mimi. Nimevimba kichwa, nakubali.

Jumatano, 10 Machi
Wezi hawakutoka mtaa wetu wa Mashimoni. Wamehamia tu ploti ya tatu, kwa dada yangu Nafula. Sufuria zake zimeenda. Sasa watu wa ploti yake wamenunua mbwa, na mbwa anatubwekea sisi. Nafula amepita mlangoni bila salamu. Nikamfuata.
"Si mlijifungia na mafirimbi yenu? Basi kaeni huko."
Imeniuma. Sheria inayowafungia nje niliiandika mimi: haingii ploti isiyo na mwenyekiti wa kuchaguliwa. Kwao keyateka, msimamizi wa mwenye nyumba, amejiteua.

Ijumaa, 12 Machi
Redioni: muungano wa kijeshi wa Ulaya umepokea nchi tatu mpya. Warusi wamenuna. Nimecheka peke yangu mpaka sindano ikanidunga. Kumbe ni sisi na ploti zetu.
Nimeenda kwa Nafula. Nimeomba msamaha. Nimemwambia agombee uenyekiti wa ploti yao.
"Sawa. Lakini si kura ya kupanga mlolongo. Keyateka akiona nani amesimama nyuma yangu, kesho huyo anafukuzwa."

Jumapili, 14 Machi
Kura! Baada ya kanisa. Debe nyuma ya pazia la leso. Punje ya mahindi ni Nafula, haragwe ni keyateka. Nimetafuna kucha zote. Wakamwaga kwenye sinia: mahindi tele, maharagwe ya kutafuta. Keyateka akahesabu upya mwenyewe, akaangua kicheko. "Haya, mama, umeniweza."
Kisha tukazipika kura zenyewe. Githeri. Zilikuwa chache, tukaongeza mahindi. Keyateka akachagua maharagwe yake tu, watu wakavunjika mbavu. Nimeona kura zikiliwa hadharani na hakuna aliyelalamika. Nimecheza mpaka kiatu kikakatika. Nina furaha, basi.

Jumatatu, 15 Machi
Saa kumi na mbili. Ploti ya jirani, mpulizo mmoja. Yangu, mmoja. Halafu ya Nafula, mmoja. Mbwa hakubweka.
Kisha Nafula akapuliza tena, polepole, bila sababu yoyote. Sheria hairuhusu, na katibu anapaswa kuripoti.
Nimejibu.