Maji ya mgongoni

Bariadi, Jumanne jioni. Upepo mkavu, vumbi, na nyuzi za pamba zimenasa kwenye nyaya za umeme mbele ya kiwanda cha kuchambulia. Hakuna wingu. Nilitakiwa kuwa na furaha leo, na sina.

Kesho alfajiri gari la kanisa linatuchukua, mimi na wenzangu wawili, hadi Mwanza. Kutoka hapo tunakwenda kaskazini mwa Msumbiji kuhubiri Injili, kwa miaka mitatu. Begi limefungwa. Pasipoti ninayo. Nimechanjwa. Kireno changu kinatosha kusalimia na kuomba maji ya kunywa. Jambo moja tu halijakamilika, na nimekuja kuliandika hapa, kwenye kompyuta ya kukodi yenye herufi zilizofutika, kwa sababu sina wa kumwambia.

Babu yangu si Mkristo. Amenilea tangu wazazi wangu walipofariki, kule Mwamanyili, kati ya zizi na shamba la pamba. Pamba ile, aliyokuwa akiwauzia wanunuzi binafsi wanaotundika mizani kando ya barabara, ndiyo iliyonisomesha. Nilipotaka kubatizwa hakunizuia. "Na Mungu wenu sina ugomvi," alisema, "mradi asikukataze ugali wangu." Kanisani naitwa Rebeka. Kwake mimi ni Kabula, kwa kuwa nilizaliwa mvua ikinyesha.

Nyumbani kwetu mtu anayekwenda mbali hupuliziwa maji. Mzee anapiga funda moja, anampuliza msafiri kifuani, kisha anamgeuza na kumpuliza mgongoni kwa funda lilelile. Kifuani ni kwa kwenda. Mgongoni ni kwa kurudi. Nilimwona akimfanyia baba mdogo alipokwenda machimboni. Baba mdogo alirudi.

Kwenye mafunzo ya umisionari tulifundishwa kwamba hayo ni mambo ya mizimu. Kwa hiyo nilimwambia babu mapema: safari hii hatanipulizia mlangoni pa zizi kama desturi yetu, kanisa lina ibada yake ya kutuaga, na wazee wataalikwa. Kisha akauliza ibada inaanza saa ngapi.

Alikuja Jumapili na shangazi, amevaa koti analovaa misibani. Walikaa kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango. Baada ya mahubiri mchungaji alisema kwenye kipaza sauti, "Sasa wazazi na walezi waje mbele, wawabariki watoto wao."

Mama za wenzangu waliwawekea mikono vichwani. Babu alisimama mbele yangu, akanitazama, akatazama mimbari. Juu yake palikuwa na glasi ya maji ya mchungaji. Akaichukua, akapiga funda.

Nilijua kinachofuata. Sikurudi nyuma.

Alinipuliza kifuani mbele ya kanisa zima.

Kwaya ilicheka. Mtu mmoja alikemea kwa jina la Yesu. Babu, mashavu bado yamejaa, alinishika bega ili anigeuze. Ndipo shemasi akamdaka mkono na kumvuta, na mchungaji akasema, "Hapana, mzee. Hapa siyo hivyo." Babu alisimama. Akamtazama shemasi, akamtazama mchungaji, akanitazama mimi. Halafu akameza. Niliona koo lake likipanda na kushuka. Wakamrudisha kwenye benchi lake, wamemshika kama mtu aliyelewa.

Shemasi alinipa taulo.

Nilijifuta.

Nataka kuandika jinsi ilivyokuwa, bila kuongeza. Babu hakutaja mzimu wowote. Asingeweza, mdomo ulikuwa umejaa. Maji yalikuwa ya mchungaji mwenyewe, na alikuwa ameyanywa katikati ya mahubiri. Haya yote ningeweza kuyasema palepale. Kipaza sauti kilikuwa karibu nami kuliko mtu mwingine yeyote. Sikusema. Tuliombewa, tukaimbiwa, tukala pilau. Nilipomtafuta babu, alikuwa ameshaondoka.

Jana nilikwenda Mwamanyili. Shangazi alikuwa uani, anachambua pamba, safi huku na chafu kule.

"Mwadila, shangazi," nilimsalimia.

"Mwadila." Hakuinua kichwa. "Umekuja na taulo?"

Nilipita. Babu alikuwa zizini, anafunga fito iliyolegea. Nilimwamkia, akaitikia vizuri kama siku zote. Nikamwambia nimekuja animalizie.

"Nikumalizie nini?"

"Mgongo, babu."

"Mchungaji wako anajua kwamba uko hapa?"

"Hajui."

"Basi umekuja kuiba." Alicheka kidogo, kikohozi kikamkatiza. Anakohoa tangu mvua zilipoisha, na dawa za hospitali hazijamsaidia. "Lakini si alisema tubariki? Nilimsikia. Kile chombo chake kinapiga kelele, hata ng'ombe wangesikia."

Nilikwenda ndani nikamletea maji kwenye kikombe cha bati. Alikipokea kwa mikono miwili. Nikamgeuzia mgongo na kusubiri. Nilisikia maji yakimwagika. Nilipogeuka, alikuwa ananawa mikono.

"Funda ni moja, Kabula. Likishapuliza mbele, hilohilo ndilo la nyuma. Hili la leo ni maji tu."

"Na lile?"

"Nimelimeza." Alijigusa tumboni. "Ningefanyaje? Ningelitema pale chini mngesema nimelaani kanisa lenu. Liko humu. La kurudi kwako liko humu."

"Babu, miaka mitatu."

"Najua kuhesabu." Akarudi kwenye fito yake. "Ukinikuta, utalikuta."

Nilimshikia ile fito hadi akamaliza kufunga kamba, kwa sababu hilo lilikuwa jambo ambalo angeniruhusu kulifanya.

Shangazi alinisindikiza hadi barabarani. Alibeba mkoba wangu, na hasira zake zilikuwa zimepungua. "Tangu Jumapili anagusa ugali tu, hali," alisema. "Usimwambie nimekuambia." Basi lilipokuja alinisukuma mlangoni kwa kiganja, mgongoni, kwa nguvu. Sijui kama alikusudia kitu.

Nitakwenda. Sijayumba katika hilo, na sitaki mtu asome hapa akadhani nimeyumba. Naamini nimeitwa. Nitawaambia watu wa kule kwamba Mungu humsikia hata mtu asiyeweza kutamka neno. Nitayasema hayo nikijua kwamba mtu kama huyo alikuja mbele ya kanisa langu, na mimi nikapokea taulo.

Kesho gari litapita Mwamanyili watu wakitoa ng'ombe zizini. Nimeshamwomba mwenzangu aniachie kiti cha dirishani, upande wa nyumba yetu. Hakuuliza kwa nini.

Blauzi ya Jumapili sijaifua. Nimeikunja na kuiweka juu kabisa begini. Kifuani maji yameacha alama hafifu, kama ramani ya nchi nisiyoijua. Mgongoni nimeigeuza na kuitazama mara nyingi. Ni kavu.