Baba Alikwenda Vitani Kumenya Vitunguu, Kaka Anamfanya Simba

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla Jumamosi haijafika, maana jambo hili limenielemea, na kila nikitaka kumweleza mtu wa karibu nakuta wa karibu wote wanampigia kaka yangu makofi.

Mimi ni mwanamke mtu mzima, kazi yangu ni kufua na kupiga pasi mashuka ya hospitali, na mwaka huu nimemzika baba. Mama alitangulia zamani, kwa hiyo tumebaki wawili, mimi na kaka yangu mkubwa ambaye ni mshereheshaji, yule anayeshika kipaza sauti kwenye harusi akawachezesha hata mashemeji wasiosalimiana. Baba alikuwa mtu mpole, akionja mchuzi aliudondoshea mgongoni mwa mkono, na akikata nyama alipiga mluzi tangu kipande cha kwanza hadi cha mwisho, nasi tulidhani ni furaha tu.

Tulipokuwa wadogo baba alikuwa vitani, na barua alizomwandikia mama tulizikuta ndani ya foronya, tukazisoma mezani mimi na kaka baada ya mazishi, tukicheka na kufuta machozi. Baba alikuwa mpishi wa jeshi, mshauri. Bunduki alipewa, lakini anaandika kwamba aliitundika ukutani na siku moja akakuta mtu ameanika soksi juu yake. Anaandika juu ya vitunguu, moshi, masufuria ya kumtosha mtu kuoga ndani, na sajini aliyewaamuru waimbe au wapige mluzi wakati wote wa kukata nyama ili midomo isipate nafasi ya kutafuna. Alikuwepo mwenzake mmoja waliyemwita Kinanda kwa kumkejeli, kwa sababu sauti yake ilikuwa mbaya ajabu, hata siku moja sajini akashindwa kuvumilia akamwambia, "Kinanda, basi, we kula tu nyama." Na kila barua inaishia na neno la kila mtoto. Langu lilisema, "Mwambie binti asijifiche chini ya kitanda radi ikipiga, huku nami naiogopa na kitanda sina."

Kaka akasema tuziweke mtandaoni ili wajukuu wamjue babu yao, nami nikafurahi, nikampa zote, akazinakili kwenye simu yake akanirudishia. Haikupita muda mwenzangu wa kazini akanijia na simu mkononi, "We! Kumbe baba yako alikuwa simba, mbona hukutuambia?" Nikasoma. Vitunguu havipo, sajini hayupo, soksi hazipo, radi yangu haipo. Yupo mtu nisiyemjua anayepita katikati ya risasi, na Kinanda anakata roho mikononi mwake akisema, "Mwambie mke wangu sikurudi nyuma." Katika barua ya kweli baba aliandika hivi tu: "Kinanda amehamishiwa mstari wa mbele. Jikoni kumekuwa kimya, hata sajini anauliza nani atatuudhi sasa." Basi, hakumtaja tena.

Nikampigia kaka.

"Haya maneno umeyatoa wapi?"

"Mdogo wangu, barua mbichi haziliki. Nimezipika kidogo."

"Baba hakuandika hivi."

"Wewe unataka watu wajue mzee alikwenda vitani kumenya vitunguu?"

"Si ndivyo alivyokwenda?"

"Haya, baki na vitunguu vyako. Mimi watu wananililia kwenye simu."

Nikakata simu, nikasema ni kaka yangu, hasira zitapoa. Lakini wiki hii ametafutwa na mama mmoja mzee, mjane wa Kinanda, aliyesomewa habari hiyo na mjukuu wake akalitambua lile jina la utani, ambalo mumewe aliwahi kumwandikia. Anasema jeshi lilimletea karatasi fupi tu, hajawahi kujua mumewe alikufaje. Anataka kuja Jumamosi nyumbani kwa kaka awaone watoto wa mtu aliyemshika mumewe, na ana swali moja. Mumewe aliondoka akimwacha mjamzito, na walikuwa wamekubaliana jina la mtoto, jina ambalo hawakumwambia mtu mwingine. Anauliza, je, alilitaja?

Nikamuuliza kaka atajibu nini. "Nitamwambia alilitaja."

"Unalijua?"

"Atalisema mwenyewe, wageni wa namna hii hawanyamazi. Nitamzungusha kidogo tu. Funika kombe mwanaharamu apite, mdogo wangu. Bibi wa watu amechoka, mpe neno tamu akapumzike. Wewe kaa pembeni yangu, uwe unaitikia kwa kichwa."

Mshauri, mimi si mtu wa ugomvi, lakini siku hizi nikipiga pasi nakandamiza chuma hadi nguo inanuka. Baba hakumdanganya mtu hata juu ya chumvi, leo anadanganya akiwa kaburini. Je, niende nikaitikie kwa kichwa, au niombe zamu ya Jumamosi nisiwepo, au niseme ukweli nimvunje moyo mama wa watu na nimpoteze ndugu pekee niliyebaki naye?

Mpiga Pasi

MSHAURI ANAJIBU

Mpiga Pasi, pole kwa kufiwa, na hasira yako ni halali, nami nimeipokea nikaongeza yangu. Kutia chumvi ni kazi ya kaka yako. Bwana harusi mvivu akimwita mchapakazi, anayeumia ni bibi harusi peke yake, naye atagundua mapema. Lakini kumvizia mjane ataje jina la mwanawe, kisha umrudishie jina hilohilo kama neno la mwisho la mumewe, hilo halina utani wala sherehe. Ni wizi, na anayeibiwa amebeba msiba wake miaka yote hiyo. Baba yenu naye ameibiwa. Amevuliwa aproni yake akavishwa kilemba cha ukoka, kana kwamba kuwalisha askari wenye njaa vitani ulikuwa mchezo.

Sasa nawe nikuseme. Eti uombe zamu! Mashuka ya hospitali hayatakuficha. Ukikaa pembeni ukaitikia kwa kichwa, au ukikaa mbali ukanyamaza, uwongo huo utakuwa na baba na mama, nao ni nyinyi wawili. Na usidhani utaishia Jumamosi. Mama huyo akishaambiwa mumewe alifia mikononi mwa baba yenu, swali lake la pili litakuwa, "Alimzika wapi?" Kaka yako atapika nini hapo? Atataja kilima, atataja mto, na bibi wa watu ataanza kutafuta nauli aende akalie juu ya udongo usio na mtu. Hilo ndilo neno tamu la kumpumzisha?

Unaogopa kumvunja moyo. Ndiyo, atalia. Lakini tazama ulichonacho ndani ya foronya. Yale ya kaka yako yangeweza kuwa ya askari yeyote, wa vita vyovyote. Lakini mwanamume anayeimba vibaya mpaka sajini anamsihi ale nyama, huyo mkewe atamtambua kabla hujamaliza sentensi. Jeshi lilimpa karatasi ya mtu aliyekufa. Wewe unaye akiwa hai, anaudhi watu jikoni. Kaka yako alikuwa na kitu hicho mkononi akakitupa kwa sababu hakina makofi!

Fanya hivi, na uanze leo. Nenda kwa kaka yako kwa miguu yako, usipige simu, kwenye simu atakushinda maneno. Nenda na barua zenyewe, umsomee ile ya Kinanda kwa sauti, halafu umwambie mambo mawili bila kuzunguka. Aondoe alichoweka, aandike wazi kwamba alitunga, na aweke maneno ya baba kama yalivyo, vitunguu na soksi vikiwemo. Na yeye mwenyewe ampigie mama yule amweleze ukweli, kabla mama hajafunga safari, ili achague kama bado anataka kuja. Usimwache mama atoke nyumbani kwake akiwa na tumaini la uwongo.

Akikataa, kesho asubuhi mpigie mama wewe. Usianze na hadithi ndefu wala usimlaumu kaka mbele ya mgeni. Sema, "Mama, baba yetu hakuwepo mume wako alipofariki, na hatujui alikufaje. Yale uliyosomewa yalitungwa na sisi watoto wake, tunakuomba radhi. Lakini barua za kweli zipo, na mume wako yumo." Kama atataka kuja, aje kwako, si kwa kaka, na barua zisitoke tena mikononi mwako.

Kaka atanuna. Mwache anune. Mtu aliyezoea kupendwa na ukumbi mzima hawezi kukaa muda mrefu bila dada wa kumchekesha, atarudi akijifanya amesahau, nawe utampokea. Lakini ndugu unayembakiza kwa kumdanganya mjane, huyo tayari umempoteza.

Jumamosi mama akikaa mbele yako akauliza kama mumewe alilitaja jina la mtoto, usiseme "labda," usiseme "bila shaka." Sema, "Hatujui, mama." Kisha nyamaza, mwache alie, na usiinuke kwenda kuchemsha chai.