Taa Iliyobaki Ikiwaka

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na maumivu ya goti yamepungua. Sisi huku tunaamka na kulala. Miwani ya mama bado iko juu ya redio. Sijapata moyo wa kuiondoa.

Uliniuliza kwa nini nilimnyima mkono yule daktari mpasuaji alipokuja msibani. Kazini anajiita Jicho la Mwewe. Ndiye aliyetuambia ametoa uvimbe wote kichwani mwa mama. Debe tupu, dada, ila hili huvaa glavu.

Siku ile ya upasuaji fundi alileta kalamu ya mwanga. Ncha yake ikigusa nyama, mwanga unarudi kwenye mashine, nayo inasoma kama pale ni ubongo wenye afya au ni uvimbe. Sharti lake ni moja: taa kubwa ya juu izimwe kwa sekunde chache, la sivyo inavuruga vipimo.

Fundi akaomba taa izimwe. Mwewe akajibu kuwa yeye si popo, na kwamba vidole vyake viliujua uvimbe kabla fundi hajaota ndevu. Watu wakacheka, kile kicheko cha kujikomba. Mashine ikapima huku taa ikiwaka, ikasoma ovyo, naye akaifukuza kama kuku aliyeingia sebuleni. Picha za baadaye zilionyesha kipande kimebaki. Ndicho kilichompokonya mama maneno, moja moja, hadi tukamzika.

Juzi nimemsikia akiwafundisha wanafunzi kalamu ile ile. Kwanza taa, anawakaripia. Utadhani aliizaa yeye.

Lakini dharau yangu haiishii kwake. Nilikwambia siku ile nilisubiri nje kwenye benchi. Si kweli. Ndugu wa mgonjwa haruhusiwi kuingia chumba cha upasuaji, hata akiwa mfanyakazi, nami nilibadilishana zamu na mwenzangu bila kusema kuwa yule ni mama yangu. Mle ndani, taa ni kazi yangu. Kidole kilikuwa juu ya swichi, dada. Fundi alinitazama mimi. Nami nikamtazama Mwewe, kisha nikacheka pamoja nao.

Na mama ndiye aliyetufokea miaka yote tusiache taa ikiwaka bure.

Nisalimie shemeji na watoto. Ukiweza kunijibu, nijibu. Ukishindwa, sitakulaumu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba